Usiku wa hina Ikwiriri: "Kiti changu hakijaulizwa"



Tuliwaahidi mambo ya singo na udi wa bi harusi. Yatakuja, in shaa Allah. Leo tumeona tuanze na lililotukuta Ikwiriri kwenye harusi ya binti wa shangazi yetu, maana bi harusi wengi wanalipitia na wachache wanalisema.

Tulivuka kwa boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, tukapanda gari mpaka Bungu, tukaingia barabara kuu ya Kusini. Kibiti tukaipita, tukafika Ikwiriri magharibi inaadhiniwa. Nyumba imejaa. Uani wanawake wanapepeta mchele, wengine wanapara samaki wa mtoni. Ndani mwali ameketi mkekani, mikono na miguu ameinyoosha, anapakwa hina. Pembeni yake kungwi, ambaye sisi visiwani tungemwita somo.

Saa nne usiku umeme ukakatika. Ikawashwa taa moja ya sola, ikawekwa mbele ya mwali ili mchoraji aone. Madufu yakaendelea, mapigo yale yale. Mwali haruhusiwi kujitikisa, hina isije ikaharibika. Macho yake yakaganda kwenye ile taa. Mara mabega yakaanza kutetemeka, kichwa kikaanguka kifuani, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima.

Wanaojua mambo hayo wakasogea. "Karibu, mgeni. Unataka nini?"

Ikataja marashi. Ikataja kitambaa cheupe. Halafu ikasema: "Kiti changu hakijaulizwa."

Mnajua pepo humwita mtu aliyempanda kiti chake. Watu wakakimbilia marashi na kitambaa. Lile neno la tatu hakuna aliyelishughulikia, ila bibi mmoja mkubwa wa ukoo. Akanyanyuka, akasimamisha madufu, akatoa watu wote isipokuwa shangazi, kungwi na sisi wawili. Akamsomea Fatiha, Ayatul Kursiy, Falaq na Naas, taratibu, karibu na sikio. Akampa maji. Kisha akatuuliza, "Mtoto huyu amekula saa ngapi?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Ukaletwa uji, akanywa, akalala.

Kabla hatujafika asubuhi yake, tuzungumze kidogo kuhusu akili, kwa sababu tuliporudi kisiwani tulisoma sana.

Kuna hali ambayo watu wa saikolojia wanaiita hipnosi. Jina hilo lilipata umaarufu kwa James Braid, daktari wa upasuaji kutoka Scotland aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, miaka ya 1840. Alilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi, ingawa usingizi wenyewe sio. Aliwaambia watu wakazie macho kitu kimoja kinachong'aa, wasikiache, na wengi wakazama. Mtu aliyezama hivyo bado yuko macho, ila fahamu zake zimebanwa mahali padogo. Anachoambiwa na anachokitarajia kinakuwa na nguvu kuliko vyote vilivyomzunguka.

Sasa hesabuni wenyewe: taa moja, mapigo yale yale, mwili usiotikisika, njaa, siku mbili bila usingizi wa maana, na chumba kizima cha watu wanaojua kwamba mwali anaweza kupandisha. Hatusemi ile ilikuwa hipnosi. Tunasema sisi wenyewe ndio tuliomwandalia njia.

Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume, Benjamin Franklin akiwemo, kuchunguza tiba ya Franz Mesmer aliyedai kuponya watu kwa nguvu kama ya sumaku. Bustanini mti mmoja ukatiwa hiyo "nguvu". Kijana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni, akapitishwa kwenye miti bila kujua ni upi. Kwenye mti wa nne akazimia, na haukuwa ule uliotiwa nguvu. Mti haukuwa na kitu, lakini kijana alianguka kweli. Hakuna haja ya kumwita mwongo.

Na kwetu Tanganyika, Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana Kashasha, upande wa Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Ikaenea mpaka wakafika 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakukuta. Wengi walioandika juu ya jambo hili wanalihusisha na shinikizo lililowaelemea wasichana wale, wasiokuwa na pa kulisemea.

Hapo ndipo tulipomkumbuka mdogo wetu.

Sisi Waislamu hatukanushi majini. Qur'ani imewataja, na kisomo ni sunna. Lakini kuamini majini hakutuondolei wajibu wa kumsikiliza mtu. Asubuhi baada ya Alfajiri yule bibi alikaa na mwali peke yao, mlango umefungwa. Akamwambia, "Mwanangu, jana kulisemwa kwamba hujaulizwa. Mimi nakuuliza."

Mwali hakukumbuka lolote la usiku. Aliposikia lile neno alijifunika uso kwa kanga, akalia sana. Mwanamume alikuwa anamtaka. Hilo halikuwa na tatizo. Lakini alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na wazee wa pande mbili walishakubaliana kwamba akiolewa anaacha, anakwenda Mbagala kwa mumewe. Yeye aliletewa habari tu.

Na hapa tuna la kukiri. Mwezi mmoja kabla alitutumia ujumbe: "Dada zangu, nimechoka." Tukamjibu kwa vikatuni vya kucheka, tukamwambia bi harusi lazima achoke. Mlango wa kwanza alioubisha ulikuwa wetu.

Bibi akamwita baba mtu, baba akamwita bwana harusi. Ami yake mmoja alikasirika, akasema mambo ya pepo yasiharibu shughuli. Bwana harusi mwenyewe alinyamaza kitambo, kisha akasema yeye aliambiwa kuwa binti ndiye anayetaka kuacha chuo. Nikahi iliyokuwa baada ya Adhuhuri ikasogea hadi baada ya Alasiri. Wageni walikula pilau, minong'ono haikukosekana. Ikafungwa kwa sharti kwamba atamaliza masomo kwanza, likatajwa mbele ya mashahidi.

Dini yetu ililiweka jambo hili wazi zamani. Khansa bint Khidam alipoozwa na baba yake bila kuridhia, alikwenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, naye akaivunja ndoa ile. Bikira naye huombwa idhini, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ni idhini. Lakini lazima aulizwe kwanza! Binti asiyeulizwa, ukimya wake haujibu kitu. Na masharti yaliyohalalishia ndoa ndiyo yanayostahiki zaidi kutimizwa.

Bi harusi wetu, na nyinyi masomo na makungwi, tunawausia haya:

Mwali ale na alale. Hina si sababu ya kumshindisha na njaa.

Akipandisha, simamisheni ngoma, punguzeni watu, msomeeni kwa upole. Msimpige wala kumfukiza moshi puani. Hali ikijirudia, hasa akidondoka na kujiuma ulimi, mpelekeni hospitali, huenda ni kifafa.

Msimwache peke yake na mganga. Mtu aliyezama hivyo huwa mwepesi kufuata neno la anayemwamini, na si kila anayeaminiwa ana nia njema.

Akishazindukana, ametulia na akili zake zimerudi, muulizeni faraghani: kuna jambo hujaulizwa?

Tulipokuwa tunaaga tulimuuliza bibi, ile sauti ilikuwa ya jini au ya mtoto wetu? Alikuwa anakunja mkeka. Akasema, "Allahu aalam. Angekuwa ni jini, ningemwacha mtoto bila kumuuliza?"

Siku hizi mdogo wetu akituandikia kwamba amechoka, tunampigia simu.

Allah awape bi harusi wote nyumba zenye utulivu, na atupe sisi masikio. Wabillahi tawfiq.