Maji Yetu Yanatoka kwa Mama wa Mgeta

Akina mama wenzangu, ukitoka Morogoro mjini kwenda Mgeta, unapita Mzumbe na Mlali, kisha barabara inaanza kupanda milima ya Uluguru kwa kona nyingi. Joto linabaki bondeni. Ukifika Nyandira utatafuta sweta. Huko juu miteremko imekatwa matuta ya ngazi, nayo yamejaa kabichi, karoti, njegere na viazi. Mboga hizo hupakiwa kwenye malori kwenda hadi Dar es Salaam.

Maji nayo huteremka njia hiyo. Mto Mgeta humwaga maji yake katika Ruvu, na Ruvu ndio chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Dar es Salaam. Mwaka 2022 mvua zilipopungua, mto ulishuka na jiji likapata maji kwa mgao. Sisi wauguzi twajua matokeo yake: nyumba ikikosa maji, mikono haioshwi, na watoto huanza kuhara.

Basi mama wa Mgeta akitunza matuta yake, udongo hauporomoki mtoni, na mtoto wa Temeke anafaidika. Lakini kazi hiyo haitaki amri. Mwaka 1955 Waluguru waliyakataa matuta waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Linalodumu ni lile lenye faida nyumbani. Mfano ni mbuzi wa maziwa kutoka Norway, walioletwa Mgeta miaka ya 1980. Mbuzi hukatiwa majani yanayoshika kingo za matuta, samadi yake hurutubisha shamba, na watoto wanapata maziwa. Yachemsheni kwanza, na mtoto asiyetimiza miezi sita apewe ziwa la mama peke yake.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo vingi ni mwili mmoja. Sisi wa mjini tufanye sehemu yetu. Vikundi vyetu vya kanisani viagize mboga moja kwa moja kwa vikundi vya wenzetu wa milimani, kwa bei ya haki, ili mama yule apate riziki katika shamba alilo nalo, asilazimike kufyeka msitu. Na maji yakitoka bombani, tuwafundishe watoto kufunga koki. Kuna mama mlimani aliyeyatunza kabla yetu.