Kura Yangu Iko Upande wa Pili

Nakuru haina mbunge mmoja. Ina wawili, na kati yao kuna mpaka ambao sijakutana na mtu aliyewahi kuuona kwa macho. Upande mmoja unaitwa Nakuru Mjini Mashariki: Biashara, Kivumbini, Flamingo, Menengai na Nakuru East. Upande wa pili ni Nakuru Mjini Magharibi: Barut, London, Kaptembwo, Kapkures, Rhoda na Shaabab. Ndiyo, tuna London yetu. Ndiyo yenye jaa la taka la Gioto.

Mimi nalala Kaptembwa na napiga kura Bondeni. Ni safari ya matatu ambayo haimalizi hata nyimbo tatu. Nilijiandikisha nikiwa bado kwa mama, nikapata kazi, nikahamia chumba cha kupanga upande wa pili wa mji, na jina langu likabaki kule kwenye sajili. Watu wengi wa umri wangu wako hivyo. Mwili uko hapa, kura iko pengine.

Hilo halikuwa jambo la kumnyima mtu usingizi mpaka Juni 2024. Unakumbuka wiki ile. Mswada wa Fedha ulikuwa bungeni, namba za simu za wabunge zilikuwa zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mtu alikuwa anamwandikia mheshimiwa wake. Mimi nilishika simu nikajiuliza: wangu ni nani? Yule ninayeishi kwake au yule niliyempigia kura? Niliwaandikia wote wawili. Tarehe 25 mswada ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, na yaliyofuata mchana huo sote tuliyaona. Lakini lile swali lilibaki kichwani, nikaanza kuuliza ni kina nani wamewahi kutusemea huko bungeni, na tuliwapataje.

Nilianza na mzee mmoja fundi viatu wa Bondeni, mtu anayeongea akiwa na misumari mdomoni. Aliniambia, "Hiki kiti kimekaliwa na watu wenye jela mwilini." Nilidhani ni maneno ya mtaani tu. Baadaye nikasoma, nikaona mzee hakuwa anatia chumvi.

Lakini kabla ya jela kulikuwa na walowezi. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na mji ukatangazwa mwaka 1904. Jina lenyewe ni la Kimaasai, mahali pa vumbi, na ukipita hapa Januari upepo ukivuma utaelewa. Ardhi yote nzuri iliyotuzunguka ikawa ya Wazungu. Walipoanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920, aliyechukua kiti cha Bonde la Ufa alikuwa Lord Delamere, mwenye mashamba ya Njoro na Soysambu. Baadaye, mwaka 1948, akaja Michael Blundell. Mbunge wa kwanza wa kwetu, tukisema ukweli, alikuwa anawakilisha ng'ombe na ngano.

Waafrika walipiga kura ya kuchagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza Machi 1957. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na cha Bonde la Ufa alikipata Daniel arap Moi. Si kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga. Ulihitaji kisomo, au mali, au kipato. Na kama ulikuwa Mkikuyu, Muembu au Mmeru, ulihitaji pia cheti cha kuthibitisha kwamba wewe ni mtiifu kwa serikali. Fikiria mji huu, umejaa vibarua wa mashambani na wa reli, wengi wao Wakikuyu, halafu kura inataka cheti cha utiifu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa hao vibarua. Hakupata cheti, na kwa kadiri ninavyojua hakukiomba.

Kisha ikaja 1963, na hapa ndipo stori inaponishika. Nakuru Mjini ilimchagua Ramogi Achieng Oneko. Huyu ni Mjaluo wa Uyoma, kando ya ziwa kubwa kule Nyanza. Alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria waliohukumiwa pamoja na Jomo Kenyatta mwaka 1953. Hukumu yake yeye ilifutwa kwenye rufaa, lakini serikali ya kikoloni ikaendelea kumzuilia vilevile, mpaka 1961. Alipotoka hakwenda kutafuta kiti nyumbani kwao. Alikuja kugombea hapa, katikati ya Bonde la Ufa, na mji ukampa. Akawa Waziri wa Habari, Utangazaji na Utalii katika serikali ya kwanza ya uhuru.

Jaribu kuwaza jambo hilo leo. Mgombea anatoka mbali, hana shamba hapa, hana ukoo hapa, na watu wa reli na wa soko wanamtazama na kusema huyu anatosha. Sisemi watu wa 1963 walikuwa malaika. Nasema tu kwamba jambo tunaloambiwa haliwezekani Nakuru liliwahi kutokea Nakuru, katika uchaguzi wetu wa uhuru kabisa.

Halikudumu. Mwaka 1966 Oneko aliondoka serikalini akamfuata Jaramogi Oginga Odinga kwenye KPU. Bunge likapitisha haraka sheria kwamba anayehama chama lazima arudi kwa wapiga kura, ukaitishwa uchaguzi mdogo uleule wanaouita uchaguzi mkuu mdogo, na Nakuru ikamkataa. Mwaka 1969, baada ya risasi za Kisumu, KPU ikapigwa marufuku na Oneko akawekwa kizuizini tena, safari hii na serikali aliyoisaidia kuzaliwa. Aliachiliwa mwaka 1975. Aliporudi bungeni mwaka 1992 alikuwa mbunge wa Rarieda, nyumbani kwao. Nimejaribu kutomsomea mtu mawazo, lakini safari hiyo ya kutoka Nakuru hadi Rarieda naiona kama ramani ya nchi nzima ikijikunja.

Baada yake alikuja Mark Mwithaga. Machi 1975, J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipatikana ameuawa Ngong, na Bunge likaunda kamati ya kuchunguza. Mwithaga alikuwa ndani ya kamati hiyo, na ripoti yake iliwaudhi wakubwa. Mwaka haukuisha kabla Mwithaga hajafungwa jela kwa kesi nyingine kabisa. Oktoba hiyohiyo Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge. Mzee fundi viatu anakumbuka wakati huo kwa ishara moja: anaweka kidole mdomoni.

Miaka ya themanini naipita mbio. Ilikuwa miaka ya chama kimoja, ikaisha na uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo watu walipanga foleni nyuma ya wagombea na mara nyingine foleni fupi ikatangazwa ndefu. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Nakuru Mjini ilimchagua Joseph Lwali-Oyondi wa FORD-Asili, jina la Magharibi ya Kenya katika mji ambao wengi wangekuambia ni wa Wakikuyu. Baba yangu, ambaye ni Mluhya, husema huo ndio uchaguzi pekee aliourudia kichwani kwa raha.

Halafu kuna Mirugi Kariuki. Yeye alikuwa wakili, na alionja vizuizi vya Moi zaidi ya mara moja. Mwaka 1990 alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini pamoja na Koigi wa Wamwere na wakili Rumba Kinuthia. Adhabu ya uhaini ni kifo. Walikaa ndani zaidi ya miaka miwili, kesi ikaondolewa Januari 1993. Mwaka 2002, wimbi la NARC likamwingiza bungeni kwa kiti cha Nakuru Mjini, na akawa waziri msaidizi katika Ofisi ya Rais. Ofisi ileile iliyokuwa imemfunga.

Tarehe 10 Aprili 2006 alipanda ndege ya jeshi kwenda Marsabit. Walikuwa wanakwenda kupatanisha jamii za huko, chini ya mwaka mmoja baada ya mauaji ya Turbi. Ndege ilianguka karibu na kufika. Watu 14 walikufa, wabunge watano miongoni mwao, Bonaya Godana akiwa mmoja. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka redio imewekwa dirishani ili majirani wasikie, na mama akikunja nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari. Julai mwaka huo mwanawe, William Kariuki Mirugi, kijana mdogo sana, alishinda uchaguzi mdogo. Mwaka uliofuata kiti kikaenda kwa Lee Kinyanjui, ambaye baadaye angekuwa gavana.

Na huo uchaguzi wa 2007 ndio uliotuondoa Kaptembwa.

Tulikuwa tunaishi ploti moja huku, si mbali na ninapopanga sasa. Mama ni Mkikuyu, baba Mluhya, na kabla ya wiki ile hilo lilikuwa jambo la kutaniana wakati wa chakula, nani anapenda ugali na nani anapenda mukimo. Mwishoni mwa Januari 2008 moto ulipofika mjini, halikuwa tena la utani. Upande mmoja wa mji jina la baba lilikuwa hatari, upande mwingine jina la mama. Hapakuwa na mtaa ambao ungetupokea sote wanne. Baba alipanda basi la kuelekea Kakamega. Mama alitushika mkono mimi na kaka yangu, tukalala uwanja wa maonyesho ya kilimo pamoja na maelfu ya watu, chini ya turubai nyeupe. Baba alirudi baada ya miezi mitano. Hawakuwahi kutusimulia walichoambiana. Tulihamia Bondeni, na mama hajakanyaga Kaptembwa tena isipokuwa siku aliyokuja kuona chumba changu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari.

Mwaka 2012, chini ya katiba mpya, maeneo bunge ya Kenya yaliongezwa kutoka 210 hadi 290. Kaunti ya Nakuru ikapata 11, na Nakuru Mjini ikakatwa vipande viwili. Sababu ilikuwa idadi ya watu, na hesabu hiyo siipingi. Tangu 2013 Mashariki imekuwa ya David Gikaria, na Magharibi ya Samuel Arama. Wote wawili wamechaguliwa mara tatu. Mtaani watu wanausoma mpaka ule kwa macho mengine: huku ni kwa nani, kule ni kwa nani. Nikisema nataka kuhamisha kura yangu, swali la kwanza si "utampigia nani?" Ni "unahamia kwa kina nani?"

Na tangu 2003, Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilipoanzishwa, mbunge si mtu wa kutunga sheria tu. Ni basari, ni darasa lenye bamba la jina lake, ni tanki la maji. Kwa hiyo mtu ana sababu nzuri ya kutaka kura yake iwe pale anapochota maji. Bomba la ploti yetu likikauka, mheshimiwa wa Bondeni hanihusu hata kidogo. Desemba 2021 tulipandishwa hadhi tukawa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Bomba halikupata habari.

Nilimwambia mama mwezi uliopita. Nilikuwa nimemletea unga na mafuta, tukawa tunachambua maharagwe mezani.

"Nataka kuhamisha kura yangu ije Kaptembwa kabla ya 2027."

Hakuinua uso. "Kwani kura ya huku imekukosea nini?"

"Mimi siishi huku, mama."

"Kura haihitaji kulala mahali. Mimi yangu niliitoa kule, na unajua kwa nini. Wakiona jina lako kwenye karatasi zile wanajua wewe ni wa nani."

Nilimwambia jina langu lina pande mbili, kwamba yeye mwenyewe ndiye alinipa. Nilimwambia kuhusu Oneko. Mama alimjua Oneko vizuri kuliko vitabu vyangu. Baba yake alikuwa amempigia kura mwaka 1963. Yule babu asiyekuwa na cheti cha utiifu, kura yake ya kwanza maishani aliipa Mjaluo.

"Na ikawaje?" aliniuliza. "Wakamfunga."

Sikuwa na jibu la hapo. Nilitoa jiwe kwenye maharagwe nikaliweka pembeni. Nilimwambia kwamba Agosti 2027 nitakuwa Kaptembwa siku hiyo, iwe nimehamisha kura au sijahamisha. Nitaamka pale, majirani watakuwa walewale, na likitokea la kutokea nitakuwa katikati yake bila hata kura. Heri niwe kwenye foleni pamoja nao. Mama Atieno wa chumba cha tatu ameshaniambia tutaenda pamoja saa kumi na moja alfajiri, yeye atabeba chai.

Mama alikaa kimya mpaka sufuria likaanza kuchemka.

"Huyo Mama Atieno," akasema, "ana watoto wangapi?"

"Wawili."

"Nambari yake ya simu unayo?"

Nilimsomea. Aliiandika kwenye kile kijitabu chake cha madeni, akaipigia mstari chini, kisha akaniambia niongeze chumvi.