Swali Nililolikemea

Asafiriye kwa mashua hujionea jinsi omo iliyochongoka ipasuavyo maji. Kwa kufuata mfano huo, katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliwafundisha wanafunzi kwamba kila chombo cha anga sharti kichongoke kama mkuki, kipate kuipasua hewa. Mvulana mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, mbona kile kilichowarudisha watu kutoka mwezini mwaka 1969 kina kitako kipana kama chungu?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kukiri, nilimkemea kuwa anatupotezea wakati, naye akaketi kwa haya. Tangu hapo hakuuliza tena.

Jambo hilo liliniuma. Siku ya Jumamosi nilikwenda katika maktaba ya chuo nilikosomea ualimu, nikapekua vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Roketi ipandayo huchongoka kweli, kwa maana huivuka hewa nzito kabla ya kufikia mwendo wake mkuu. Lakini chombo cha Apollo kilirejea kwa mwendo wa kilomita 11 hivi kwa sekunde. Ukitia upepo katika gurudumu la baiskeli, pampu hupata moto, kwa kuwa hewa imebanwa ndani yake. Vivyo hivyo hewa hubanwa mbele ya chombo kirudicho, ikawaka kupita kiasi. Ncha kali huikaribia mno hewa hiyo, na joto likaingia chomboni. Kitako kipana huisukuma ikae mbali kidogo, na sehemu kubwa ya joto hupita kando pamoja nayo. Mhandisi H. Julian Allen wa Marekani ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1951. Joto lililosalia lilipokewa na ngao iliyoungua kidogo kidogo, ikawakinga waliomo.

Ama chombo kilichotua mwezini kilikuwa na miguu kama ya buibui na pembe kila upande, kwani huko hakuna hewa ya kukizuia wala kukiunguza.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikasema, "Mwenzenu aliuliza vema, mimi ndimi niliyekosea." Kisha nikamwita kijana yule aje achore chombo chake ubaoni. Akaja taratibu, akachora kitako kipana, na kabla hajaketi alikuwa na swali jingine.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nawe ukiwa mwalimu siku moja, usimnyamazishe akuulizaye.