Paka Akiinamisha Kichwa, Mtazameni Sikio



Sisi ni wawili, mtu na mdogo wake, tunashona nguo za maharusi hapa Mazimbu, Morogoro. Paka wetu wa dukani alianza kuinamisha kichwa upande wa kulia. Akitembea anazunguka, akiruka anaanguka, macho yanachezacheza. Wateja wakasema ana jini, tumtupe asije akaleta mkosi kwenye mashela.

Hatukumtupa. Bahati nzuri SUA wanafundisha udaktari wa mifugo hapahapa Morogoro, hivyo kumpata daktari hakukutusumbua. Alimmulika sikio akakuta uchafu mweusi kama unga wa kahawa. Ulikuwa utitiri, na maambukizi yalikuwa yameshafika sikio la ndani. Sikio hilo halisikii tu, ndilo linaloshika mizani ya mwili. Likiugua, paka anayumba kama mlevi, na kichwa huinamia upande wenye ugonjwa.

Dada zetu mnaofuga, shikeni haya. Msimtie mafuta ya moto wala matone ya sikio ya binadamu. Kama ngoma ya sikio imetoboka, dawa kama jentamisini inaweza kumfanya kiziwi. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka. Dozi ya daktari imalizeni hata akionekana amepona, na paka wengine wa nyumbani wakaguliwe, maana utitiri unaambukiza.

Akiwa bado anayumba, mwekeeni chumba kidogo, mkeka badala ya vigae vinavyoteleza, chakula na maji karibu, na asipande juu. Akitapika au akikataa kula, mrudisheni kwa daktari siku hiyohiyo.

Kupima usikivu, simameni nyuma yake, tikiseni funguo bila kukanyaga kwa kishindo. Paka mweupe mwenye macho ya buluu huenda akazaliwa kiziwi. Huyo asiachwe barabarani, hasikii bodaboda.

Wetu sasa anatembea vizuri, kichwa kimebaki kimeinama kidogo tu. Bibi harusi unayehamia kwa mume na paka wako, jua huyo ni amana. Hana ulimi wa kusema sikio linamuuma, na jini anasingiziwa mengi. Mpeleke kwa daktari kwanza.

Allah atupe huruma kwa viumbe vyake. Amin.