MIOME, karakana na vyuo vya ghorofani

Kila matokeo ya KCSE yakitoka simu yangu haitulii. Mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa ukoo, basi kila mwenye kijana ananiuliza: tumpeleke chuo cha serikali au cha kibinafsi? Safari hii ni shangazi yangu wa Mji wa Kale. Bintiye anataka uhandisi wa mitambo, na chuo kimoja cha ghorofani pale mjini (jina naliweka) kimeshaomba karo ya muhula wa kwanza. Nimeona bora nijibu hapa, huenda wengine mkanufaika.

Kwanza historia kidogo. Watu husema "cha serikali" na "cha kibinafsi" utadhani ni mbingu na ardhi. Kumbe Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa (TUM), kule Tudor, hakikuanza kwa pesa za serikali peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 michango ilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Harub, na kwa jamii ya Mabohora, na serikali ya kikoloni ikaongeza. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951, miaka mitano kabla ya Royal Technical College, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, kupokea wanafunzi wake. Kiliitwa Mombasa Institute of Muslim Education, MIOME, na kilikusudiwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima. Wazee wetu hadi leo wanakiita MIOME. 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, wazi kwa kila mtu. 1972 Mombasa Polytechnic. 2007 chuo kishiriki cha JKUAT. 2013 chuo kikuu kamili. Majina matano! Hata mafaili yangu siyabadilishi jina hivyo.

Ninachotaka mkione ni kwamba uhandisi hula pesa nyingi kabla mwanafunzi wa kwanza hajaketi. Mashine za kukereza chuma, za kuchomelea, umeme wa nguvu, vyuma vya kuharibu wakati wa kujifunza, na fundi wa kuzitunza. Wale wafadhili walitoa bila kungoja faida. Chuo kinachoishi kwa karo hulipa kodi ya nyumba kwanza, kwa hiyo hufundisha kinachoenea katika chumba cha kupanga: kompyuta, uhasibu, hoteli, kazi ya kutoa mizigo bandarini. Si kosa. Kazi yangu mwenyewe inataka laptopu, umeme na intaneti, na tangu nyaya za TEAMS na SEACOM zifike Mombasa 2009, kijana anaweza kujifunza kuandika programu hata juu ya duka la halua na akawa hodari. Lakini binti wa shangazi hataki kuandika programu.

Wala simsifu Tudor kupita kiasi. Vyuo vya umma vina msongamano, na migomo ya wahadhiri ya 2017 na 2018 iliwachelewesha wanafunzi nchi nzima. Familia isiyo na uwezo inaumia sana mwaka ukirefuka. Hili silipuuzi.

Sasa shangazi, kabla hujatoa hata shilingi. Sheria ya mwaka 2013 iliunda mamlaka inayoitwa TVETA, na vyuo vya ufundi lazima visajiliwe nayo. Usiangalie jina la chuo tu, angalia na kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha uhasibu na kisiwe nacho cha mitambo. Uliza mtihani wa mwisho unatungwa na nani: Baraza la Mitihani (KNEC), chombo kingine kinachotambulika, au wao wenyewe? Kisha nendeni asubuhi ya siku ya kazi, bila miadi, muombe kuona karakana. Tazameni sakafu. Karakana inayotumika ina mafuta na vumbi la chuma. Ukiona vigae vinang'aa na mashine imefunikwa plastiki, rudini nyumbani. Muulizeni mwanafunzi, si karani, wanashirikiana mashine moja watu wangapi.

Alama zake zisipofika za digrii, asiione diploma kama adhabu. TUM bado inafundisha diploma. Na kama anapenda meli, aulizie pia Bandari Maritime Academy, iliyorithi Chuo cha Bandari 2018. Fomu nitamsaidia kujaza, aje na cheti halisi na nakala mbili.