Tarakimu Nane

Fedha ile nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya kuchapisha muswada wangu. Laki mbili na nusu, noti juu ya noti, ndani ya kopo la maziwa. Halafu braza akaja na matatizo ya saa ya mteja.

Braza ni fundi saa, ana kimeza chake Kariakoo. Mteja aliirudisha ile saa ya betri mara ya pili, akifoka kwamba inachelewa karibu dakika nzima kwa mwezi. Braza akaapa ni nzima. Umeilinganisha na nini? Na simu, anasema, tangu asubuhi. Jamani! Fuwele iliyomo ndani ya saa kama ile hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ikichelewa kwa sehemu 20 tu katika milioni, unapoteza sekunde 1.7 kwa siku, yaani kama 52 kwa mwezi. Utaonaje hilo kwa asubuhi moja?

Ilitakiwa mashine ya kuhesabu masafa. Braza alikwishaiona moja ya mtumba mjini, laki mbili na nusu kamili. (Nadhani alikuwa amechungulia kopo langu.)

"Dogo, ina tarakimu nane!"

Mimi, kwa vile shujaa wa riwaya yangu naye ni fundi saa, nilikuwa nimesomasoma. Nikamwambia mashine hiyo nayo hupima kwa fuwele yake yenyewe. Kama imezeeka ikapotoka, zile tarakimu za mwisho ni mapambo tu. Akataja rubidi za mtumba, zile zinazong'olewa kwenye minara ya simu. Ni nzuri, lakini zinakula umeme, zinachemka, na taa iliyomo ndani huchakaa. Unanunua bila kujua imebakiza umri gani. Nikagoma.

Tukanunua kwanza kidude cha GPS, elfu thelathini. Setilaiti zile zimebeba saa za atomu, na kidude kikishazinasa hutoa mpigo mmoja kila sekunde. Mpigo mmoja mmoja huyumba kidogo, makumi ya nanosekunde, ila hauachi njia: ukipima mingi, kosa linazidi kupungua. Tukaenda nacho kwa muuzaji, tukaingiza mipigo kwenye mashine yake ya tarakimu nane. Ilipaswa kusoma sekunde 1.0000000. Ikasoma 1.0000121. Fuwele yake ilikuwa inakimbia kwa sehemu 12 katika milioni! Tukasubiri saa nzima ipate moto vizuri, wapi. Muuzaji akasema kidude chetu ndicho kibovu, tena tunamzibia mlango.

Tukachukua kimashine kidogo cha elfu themanini na tano, chenye skrubu ya kurekebishia fuwele. Braza aliizungusha huku kabana pumzi mpaka ikasoma 1.0000001. Mchana, bati likishawaka, inahama tena, kwa hiyo anapima alfajiri tu, na kila mara anaanza na mpigo wa setilaiti.

Saa ya mteja ilikuwa inachelewa kwa sehemu 19 katika milioni. Yule bwana alikuwa anasema kweli tangu siku ya kwanza. Braza akabadilisha fuwele kwa gharama yake, akampelekea mwenyewe hadi nyumbani. Bwana aliipokea, akaivaa, akafunga mlango.

Kopo limebaki na laki moja na elfu thelathini na tano. Mchapaji bado anataka laki mbili na nusu.