Mji wa Kale na Chungu Chake

Mgeni atakaye kuijua historia ya Mombasa huelekezwa kwanza kwenye Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Sisi twapendekeza njia ya pili: ingieni Mji wa Kale alfajiri ikishapita, kabla jua halijawa kali, mwifuate harufu. Vichochoroni mtapokewa na mahamri yenye hiliki, kisha mbaazi za nazi. Jioni teremkeni hadi Lighthouse, ambako muhogo huchomwa na kutiwa pilipili na ndimu. Kila kimojawapo kina safari yake.

Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331. Aliwasifu wenyeji kwa uchaji wao, na akaandika kuwa chakula chao kikuu ni ndizi na samaki, kwamba wana ndimu, na kwamba nafaka huletwa kutoka bara kwa kuwa kisiwani hailimwi. Alitaja pia tunda dogo mfano wa zeituni, tamu sana, ambalo kwa jina alilolipa twalidhania kuwa zambarau. Muhogo hakuuona, wala pilipili zetu hizi kali, wala mahindi. Vyote hivyo asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati, na vilivuka bahari baada ya Wareno kufika pwani hii. Ajabu ni kuwa mahindi twayataja kana kwamba yalitoka Uhindi!

Mchele nao una habari yake. Wanaakiolojia waliochimba vijiji vya kale Pemba waliyaosha majivu ya mashimo yao kwa maji, na punje zilizoungua zikaelea juu. Punje iliyogeuka makaa haiozi. Kwa hiyo nafaka iliyomponyoka mama mmoja ikaangukia motoni, miaka elfu moja nyuma, ndiyo leo ushahidi wetu. Zaonyesha kuwa hapo mwanzo watu walikula zaidi uwele, na mchele ukashika nafasi kuanzia yapata karne ya 11. Wali tuuitao wa asili, basi, nao ulikuwa mgeni, aliyekaribishwa hadi akawa mwenyeji.

Mapishi yetu yana elimu ndani yake, ijapokuwa hayakuandikwa kwa jina hilo. Mama akunaye nazi kwa mbuzi na kuikamua kwa kifumbu hulitenga tui zito na tui jepesi. Lile jepesi hutangulia chunguni, lile zito hutiwa mwishoni, na mkono haukomi kukoroga. Tui ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini. Moto ukizidi, protini huachia, mafuta yakajitenga, na tui likakatika. Mabibi zetu hawakulijua neno protini, lakini waliijua kazi yake.

Elimu hiyo si ya ladha peke yake. Muhogo mchungu una kemikali zinazozalisha sumu ya sayanaidi, na ndiyo sababu wazee huumenya, wakauroweka kwa siku kadhaa, wakauanika juani vizuri kabla ya kuutwanga. Mwaka 1981, mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliharibu mazao mengine, na njaa haikuwapa watu muda wa kuungoja muhogo mchungu ukauke. Zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Wale walijua la kufanya, ila walikosa siku za kulifanya. Je, itakuwaje kwa watoto wetu, watakaokuwa na siku lakini hawana ujuzi?

Hapo ndipo penye wasiwasi wetu. Tui la pakiti ni rahisa kwa mama arudiye kazini jioni, nasi hatumlaumu. Lakini vipimo vya mabibi ni vya kiganja na jicho: "tia kiasi," husema, "mpaka unga ukubali." Maneno hayo hayana maana kwa asiyesimama kando yao. Bibi mmoja akiondoka kabla hajaulizwa, jiko zima limefungwa.

Basi akina mama na mabinti, wavulana nao wasiachwe nje, wiki hii mketisheni bibi jikoni. Mwulizeni aliyemfundisha ni nani, na aliyemfundisha huyo ni nani. Akisema "kiasi," pokeeni unga wake kwenye bakuli, mwupime, mwandike. Andikeni pia muhogo upi huliwa ukiwa mbichi na upi hauliwi mpaka uwe umerowekwa na kuanikwa. Karatasi hiyo itieni pamoja na hati za nyumba, kwa maana nayo ni urithi.